Mtoto Aliyefichwa Stoo Siku ya Mahafali

Watu huniambia mambo yale yameshapita, niyaache. Wanaosema hivyo hawakuingia stoo siku ile. Mimi niliingia. Kwa hiyo nitayasema, na nitayasema kwa hasira, maana sijapata namna nyingine ya kuyasema.

Kituo chetu cha kulelea watoto kilikuwa Ihumwa, kwenye nyumba ya kupanga yenye uwanja mpana na ukuta uliochorwa sungura, treni na herufi kubwa. Mimi nilikuwa mwalimu wa watoto wa miaka mitatu na minne. Asubuhi magari yalijipanga getini, kwa kuwa wazazi wengi walikuwa watumishi waliohamia Dodoma pamoja na wizara zao. Walishusha watoto, wakawabusu harakaharaka na kukimbilia kazini Mtumba, kwenye mji wa serikali. Wenyeji wa Ihumwa wenyewe, wenye mashamba ya uwele na mbuzi wachache, hawakutuletea watoto sana. Waliona kituo ni cha wenye magari.

Yule bibi alikuja mwanzoni mwa mvua, kwa miguu, tope limemgandia hadi kwenye vifundo. Mgongoni alikuwa amefunga mtoto kwa kanga, na kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa miguu ya mtoto. Ilikuwa mirefu mno kwa mtoto wa kubebwa, imekakamaa, imepishana kama mkasi. Kichwa kililala begani kwa bibi.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

Alinijibu kwa Kigogo kwanza, kisha akahamia kwenye Kiswahili chake cha taratibu. "Marahaba, mwanangu. Nimeleta mwanafunzi."

Mwenye kituo akatoka ofisini. Alipenda tumwite mkurugenzi, na sote tulimwita hivyo. Akamtazama mtoto, akamtazama bibi. "Bibi, hapa si hospitali."

"Hospitali naijua," bibi akasema. "Huyu haumwi. Anataka wenzake. Nikienda shamba namfungia ndani, analia mpaka sauti inakauka. Mama yake yuko Dar, anafanya kazi za ndani. Sasa nimwachie nani?"

Nilimwona mkurugenzi akifungua mdomo kukataa. Halafu akamtazama tena mtoto, uso wake ukalainika. "Mwalimu, mpokee," akaniambia. Nikadhani ni huruma, nikampenda siku ile. Baadaye ndipo nilipojua kwamba alikuwa ameshapata habari za wageni. Mradi fulani ulikuwa unatafuta vituo vinavyopokea watoto wenye ulemavu, na sisi hatukuwa na mtoto hata mmoja wa namna hiyo.

Alikuwa binti wa miaka minne. Alizaliwa kijijini upande wa Mpwapwa, baada ya uchungu wa muda mrefu, akatoka kimya. Bibi aliambiwa maneno mengi juu yake: kwamba katupiwa kitu, kwamba mama yake alimkosea mtu, kwamba ni wa kumwachia Mungu. Hakukaa, hakusimama, hakutamka neno. Alikula akiwa amelala chali mapajani kwa bibi, na kila mlo ulikuwa vita. Alipaliwa, akakohoa, macho yakamtoka, bibi akampiga mgongoni, wakaanza tena. Lakini alikuwa anacheka. Treni ikipiga honi upande wa relini alicheka mwili mzima, mpaka mikono ikamrukaruka.

Chuoni nilifundishwa nyimbo, michezo na namna ya kuwafundisha watoto kushika penseli. Kuhusu mtoto kama huyu nilifundishwa ukurasa mmoja. Kwa hiyo siku ya pili nilimwambia bibi twende wote hospitali mjini, tukaulize.

Tulikaa kwenye benchi hadi jua likawa kali. Mwishowe tukaingizwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamume mpole mwenye mikono mikubwa. Alimlaza mtoto kwenye godoro, akamkunja magoti polepole, akamzungushazungusha kiuno, na ile miguu iliyopishana ikaachana. Bibi akasogea karibu kama anayetazama mazingaombwe. Kisha yule mtaalamu akamkalisha mtoto mapajani mwake, mgongo wa mtoto kifuani kwake, kichwa kimeinama kidogo mbele, akamnywesha maji kwa kijiko. Mtoto akameza, wala hakupaliwa.

"Mtindio wa ubongo," akatuambia. "Ubongo ulikosa hewa wakati wa kuzaliwa. Hauponi, lakini mtoto anafundishika. Asilishwe tena akiwa amelala. Na atengenezewe kiti chake, chenye kumshika pande zote. Mngemleta akiwa mchanga ingekuwa rahisi zaidi, sasa misuli imeanza kukaza."

Bibi hakulia. Watu hutarajia bibi alie katika habari kama hizi. Alikasirika. Alisimama katikati ya chumba kile, kanga imemteleza kichwani.

"Kila mwezi!" akasema. "Kila mwezi nimempeleka zahanati kupima uzito. Jua, mvua, nimempeleka. Wanamning'iniza kwenye mzani, wanaandika, wananipa nimbebe. Hawakuniambia kitu. Niliuliza, mbona shingo haikazi? Wakasema subiri, wengine huchelewa. Nimesubiri mpaka lini?"

Yule mtaalamu aliinamisha kichwa. Hakuwa na kosa, ila hapakuwa na mwingine wa kuambiwa. Na mimi, niliyekuwa nimekuja kama msindikizaji tu, nilishikwa na hasira ileile. Haijanishuka hadi leo.

Kiti tulikitengeneza wenyewe kwa makaratasi, kama tulivyoelekezwa. Niliomba maboksi madukani, nikakusanya magazeti ya zamani, nikapika gundi ya unga wa ngano. Watoto wa darasa langu walichanachana magazeti kwa furaha kubwa, wakapakaa gundi hadi kwenye nyusi. Tulibandika tabaka juu ya tabaka na kuanika juani, na lile jua la Dodoma likafanya kazi yake. Kiti kikawa kigumu kama mbao. Tukakipaka rangi ya njano, tukakiwekea meza ndogo mbele na mkanda wa kitambaa kiunoni.

Siku tuliyomkalisha, alikaa muda mrefu akigeuza macho huku na huku. Maisha yake yote alikuwa ameona dari, mawingu na mashavu ya watu kutoka chini. Sasa alikuwa anawatazama watoto wenzake usoni. Mmoja wao, binti mwenye mdomo mwingi kuliko wote, akamsogelea na kumwambia, "Kumbe una meno mazuri." Wakacheka wote.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Tuligundua kwamba akiinua macho juu anasema ndiyo, na akiyafumba anasema hapana. Watoto waligundua kabla yangu. Wakawa wananiletea taarifa: "Mwalimu, hataki uji wa moto. Mwalimu, anataka mpira ule mwekundu." Bibi alikuja kila mchana kutoka shambani, nikamwonyesha kumkalisha, kumkunja magoti, kumlisha mlenda na ugali laini kwa vijiko vidogo. Akawa ananifundisha na yeye, maana ndiye aliyejua kwamba mtoto akiguswa nyayo hukakamaa, na kwamba akiimbiwa kwa sauti ya chini hulegea.

Wageni walikuja na magari meupe. Mkurugenzi alimweka mtoto mbele kabisa, kiti cha njano katikati ya uwanja, akamvalisha utepe kichwani. Akapiga magoti kando yake, akamkumbatia. Sikuwa nimewahi kumwona akimgusa kabla ya hapo. Picha zikapigwa. Wageni wakauliza kiti kilitoka wapi, mkurugenzi akasema, "Tulibuni sisi wenyewe, ndiyo sera yetu." Nilijiambia kwamba kama mtoto atafaidika, basi wacha aseme anavyotaka.

Wageni walipoondoka, kiti kikahamishiwa kona ya nyuma. Halafu kikahamishiwa varandani, eti darasa limebana. Nikikirudisha asubuhi, nakikuta nje mchana. Nilipouliza, mkurugenzi akanifungia mlango wa ofisi tukiwa wawili.

"Mwalimu, wazazi wanalalamika."

"Wanalalamika nini?"

"Yale mate. Na watoto wao wanaanza kumwigiza anavyopinda mikono. Wewe ungependa mwanao arudi nyumbani anapinda mikono?"

"Watoto huigiza hata mbuzi," nikamwambia. "Hawageuki mbuzi."

Hakucheka. Jioni ile mama mmoja wa wizarani, mpole, anayenukia vizuri, aliniita pembeni ya gari lake. "Mwalimu, sisi hatuna ubaguzi," akaanza, na mtu akianza hivyo najua kinachofuata. "Ila kuna sehemu zao maalumu. Pale wangemsaidia zaidi. Tunafikiria faida ya mtoto mwenyewe." Nilimuuliza hiyo sehemu maalumu iko wapi hapa Ihumwa, nimpeleke kesho asubuhi. Akatazama saa yake, akasema foleni itamkuta barabarani.

Yakafika mahafali. Kwa wasiojua, siku hizi hata watoto wa chekechea huvaa majoho na kofia, wazazi huja na maua na keki, na video hurushwa kwenye kundi la wazazi kabla watoto hawajavua viatu. Darasa langu lilikuwa na wimbo, na katika wimbo ule binti yule wa kiti cha njano alikuwa na kazi yake. Mwisho wa kila ubeti alitakiwa kupiga ngoma ndogo iliyowekwa juu ya meza ya kiti chake. Kunyoosha mkono na kuupeleka anapotaka ilikuwa kazi nzito kwake kuliko kitu chochote. Alikuwa amefanya mazoezi kwa wiki nyingi. Mara nyingine mkono ulikwenda pembeni, mara nyingine ulichelewa, na wenzake walijifunza kumsubiri. Wimbo ulisimama, wote wakamtazama, ngoma ikalia, wimbo ukaendelea. Mkurugenzi alikuwa ameona mazoezi, akasema sawa.

Asubuhi ya siku hiyo akanituma mjini kufuata keki. Nilishangaa, kwa sababu dereva wa kituo alikuwepo. "Dereva hajui kushika keki," akasema. Nikaenda.

Niliporudi viti vimejaa, maturubai yamefungwa, muziki umefunguliwa hadi mwisho. Bibi alikuwa amekaa safu ya tatu, amevaa kitenge kipya na viatu vya kufunika. Aliponiona akanyanyuka.

"Mwalimu, mwanangu yuko wapi? Nimeambiwa ana homa amelala. Nilimleta asubuhi hana homa. Nataka kumwona, wanasema nisimwamshe."

Nilimpa keki mtu aliyekuwa karibu, nikaingia ndani. Chumba cha kulala hakikuwa na mtu. Jikoni hapakuwa na mtu. Kiti cha njano kilikuwa nyuma ya choo, kimefunikwa turubai. Mlango wa stoo ulikuwa umefungwa kwa komeo la nje.

Alikuwa sakafuni, juu ya mkeka, katikati ya viroba vya unga na ndoo za rangi. Walikuwa wamemlaza chali. Mtu yeyote katika kituo kile alijua kwamba hawekwi chali peke yake. Nilikuwa nimeandika kwa herufi kubwa na kubandika ukutani. Alikuwa amelowa. Mate yalikuwa yamemjaa mdomoni, anapumua kwa mkoromo, na uso umebadilika rangi. Nje muziki ulikuwa unapigwa, na kila ngoma iliposikika mkono wake wa kulia ulishtuka na kunyanyuka kidogo kutoka sakafuni.

Nilimgeuza ubavu, nikamfuta, nikasubiri hadi pumzi ikae sawa. Nikamnyanyua na nguo zake zilizolowa hivyohivyo, nikatoka naye kwa mlango wa mbele, nikapita kati ya viti hadi palipokuwa na kipaza sauti.

Mkurugenzi alikuwa anasoma hotuba, muziki umepunguzwa. Akaniona, tabasamu likabaki mdomoni bila macho. "Mwalimu, mrudishe ndani, anaumwa," akasema kwa sauti ya chini, lakini kipaza sauti kiliichukua ikasikika uwanja mzima.

"Haumwi," nikasema. "Alikuwa stoo. Amefungiwa kwa komeo, amelazwa chali. Ningechelewa kidogo angekufa huku sisi tunacheza muziki."

"Ni kwa usalama wake. Watu wengi, kelele..."

"Ulimfungia kwa sababu ya video."

Muziki ukazimwa. Wengi wakainamisha nyuso, nikajua kwamba walikuwa wanajua alikofichwa. Yule mama wa wizarani akawa anatafuta kitu ndani ya mkoba wake. Wengine wakashika simu. Mzazi mmoja tu aliinuka, baba mmoja dereva wa malori, akauliza kiti kiko wapi, akaenda mwenyewe nyuma ya choo akakileta mabegani.

Bibi alikuja akampokea mtoto mikononi mwangu. Alimkagua mwili mzima, kama anayemkagua aliyeanguka kisimani, kisha akawageukia watu. "Huyu analala kwangu chumba kimoja na mbuzi," akasema. "Hata mbuzi siwafungii mahali pasipo na hewa."

Yule binti mwenye mdomo mwingi, akiwa ndani ya joho lililomfika chini, alinivuta sketi. "Mwalimu, bado hatujaimba na yeye." Tukamkalisha kwenye kiti. Watoto wakaimba, ubeti wa kwanza ukaisha, wakasimama kumsubiri kama walivyozoea. Mikono yake ilikuwa imekaza kifuani, ngumi zimefumbwa, haikufunguka. Wakasubiri. Wakaimba wa pili, wakasubiri tena. Ngoma haikulia. Wiki zote zile za mazoezi, na walichomwibia hakirudishiki.

Jioni nilipata ujumbe kwenye simu kwamba nisirudi kazini. Nilishakusanya vitu vyangu.

Yangekuwa yameishia hapo kama si lile bango. Mwezi uliofuata lilitundikwa bango jipya getini, kubwa, na juu yake picha ya mtoto wetu na utepe wake kichwani, amekumbatiwa na mkurugenzi, chini yake maneno: "Tunawapenda watoto wote." Mimi na bibi tulikwenda kwa afisa wa ustawi wa jamii, tukaeleza kila kitu. Alitusikiliza, akasema suala limepokelewa. Tukarudi tena, likawa bado limepokelewa. Nadhani limepokelewa mpaka leo.

Bibi akachoka kupokelewa. Asubuhi moja, magari yakiwa yamejipanga pale getini, alikwenda na kisu chake cha kukatia mboga. Akasimama juu ya ndoo aliyokuja nayo, akakata uso wa mjukuu wake kutoka kwenye bango, taratibu, akifuata mstari wa nywele. Mkurugenzi akatoka akipiga kelele ataita polisi. "Waite," bibi akamjibu bila kugeuka. "Nami niwaeleze." Polisi hawakuitwa. Akashuka, akaikunja picha, akabeba ndoo yake, akaenda zake. Bango lilikaa na tundu siku kadhaa kabla halijashushwa.

Sasa ninajitolea kwenye darasa la awali la shule ya msingi, si mbali na pale. Darasa limejaa, vumbi linaingia madirishani, lakini mwalimu mkuu hakuniuliza maswali mengi. Binti wetu nimemhamishia huko, na anakaa mbele. Ametamka neno moja, "nipe," na analitumia kwa kila kitu. Miguu yake, yule mtaalamu anasema, haitanyooka tena bila upasuaji, na upasuaji wenyewe si hakika. Angeanza akiwa na miezi michache ingekuwa habari nyingine. Kila anaposema hivyo nakumbuka mzani wa zahanati na mtoto akining'inia.

Ndiyo maana bibi amejipa kazi. Siku za kliniki anakwenda zahanati na kukaa kwenye benchi la akina mama. Hakuna aliyemwajiri. Anawatazama watoto, na akiona shingo iliyolegea au ngumi zisizofunguka, anasogea. Wiki chache zilizopita alimkuta msichana mmoja mgeni, ametoka Kondoa, mume wake ni fundi ujenzi huku. Mtoto wake alikuwa na miezi minane, hashiki kichwa. Ameambiwa asubiri. Bibi alimshika mkono, wakaja shuleni kwangu moja kwa moja, na kesho yake nikawapeleka mjini kwa yule mtaalamu. Yule mtoto sasa anafanyishwa mazoezi kila siku, na kichwa kimeanza kusimama.

Muuguzi wa zahanati hakufurahi. Alimwita bibi pembeni, nami nikiwepo, akamwambia kwa upole tu, "Bibi, unawatisha akina mama. Wakikuona wanaogopa."

Bibi alikuwa anajifunga kanga kiunoni ili arudi kwenye benchi.

"Waogope sasa," akasema, "mtoto akiwa bado laini."